Kampuni Ndogo Ugenini: Tuliyojifunza Muscat

  



Walimu wametutaka tuandike somo juu ya biashara ya kompyuta nje ya nchi, kwa sababu wengi wenu mna hamu mbili: kwanza kusoma kompyuta pale Chuo Kikuu cha Dodoma, kisha kwenda Ghuba. Hamu zote mbili ni njema, na sisi wawili tulizipitia. Tulisoma katika madrasa hii, tukajifunza kompyuta, na kuanzia mwaka 2021 hadi 2024 tulikuwa wabia katika kampuni ndogo mjini Muscat, Oman. Kazi yake ilikuwa kufunga mitandao ya kompyuta madukani na kuuza mashine na programu za hesabu. Tulikuwa watu watatu: sisi wawili, na mbia wetu Muomani ambaye mama yake alizaliwa Unguja. Mwaka 2024 tulimuuzia hisa zetu, nasi tukarudi nyumbani.

Tuseme mapema kwamba mambo ya waya na programu hayatakuwa mengi katika somo hili. Hayo mtayasoma chuoni, na kwa kweli ndiyo yaliyotusumbua kidogo kuliko yote. Yaliyotutoa jasho ni makaratasi, saa, majina, na fedha za watu wa nyumbani.

KISWAHILI KILITUPUMBAZA

Mtu wa Dodoma anayefika Muscat kwa mara ya kwanza hushangaa. Sultan Qaboos alipochukua utawala Julai 1970, Waomani wengi waliozaliwa au kulelewa Zanzibar na bara walirejea kwao, wakaja na lugha. Hivyo basi, ukiingia duka la Ruwi ukaongea Kiswahili, huenda ukajibiwa kwa Kiswahili kizuri kuliko hicho chako cha Majengo. Dini moja, lugha moja, pilau moja. Mgeni hujiona yuko kwa shangazi yake.

Hapo ndipo tulipokosea. Kwa kuwa tulielewana kwa maneno, tuliona haya kuomba karatasi. Kazi zetu mbili za mwanzo tulizichukua kwa kupeana mikono tu. Moja ililipwa. Ya pili tutaieleza mbele.

Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani ni ya 282 ya Suratul Baqara, nayo inazungumzia kuandikiana deni. Wengi wenu mmeihifadhi. Hebu itazameni upya kwa jicho la mfanyabiashara. Inaanza kwa kuwaita walioamini. Wanaoambiwa waandikiane si watu wanaoshukiana, ni ndugu wa imani. Inataka muda wa deni utajwe, mwandishi aandike kwa uadilifu, na anayedaiwa ndiye atoe maneno ya kuandikwa, kisha wawepo mashahidi. Inakataza kuchoka kuandika, deni liwe dogo au kubwa. Biashara ya mkono kwa mkono ndiyo iliyosamehewa. Na aya inayofuata, ya 283, inamtaja aliye safarini asiyempata mwandishi, nayo inamruhusu kushika rehani. Sisi tulikuwa safarini na waandishi walikuwepo tele, kila mmoja ana kompyuta mezani.

Jambo moja la kuchekesha. Mkataba wetu wa kupanga ofisi uliandikwa kwa Kiarabu, kwani hiyo ndiyo lugha rasmi ya nchi na ya mahakama zake. Kwa kuwa tumesoma madrasa, tuliuchukua tukausoma kwa sauti, herufi kila moja ikitoka mahali pake, hata karani akatuangalia kwa heshima. Kumbe hatukujua umesema nini! Tulisaini. Miezi mitatu baadaye tukagundua kwamba matengenezo ya kiyoyozi ni juu yetu, na Muscat mwezi wa sita kiyoyozi si anasa. Tangu siku ile kila karatasi ilipitia kwa mfasiri kabla ya kalamu kuguswa, hata kama ilitugharimu chakula cha siku mbili. Kujua kusoma Kiarabu na kujua Kiarabu cha mikataba ni elimu mbili.

LESENI IWE YA NANI?

Zamani mgeni wa kawaida aliyetaka kufungua kampuni Oman alihitaji mbia wa nchi mwenye angalau asilimia 30, na mtaji uliotakiwa kisheria ulikuwa mkubwa, rial 150,000. Sheria mpya ya uwekezaji wa kigeni iliyotolewa mwaka 2019 ikaanza kutumika Januari 2020, na katika shughuli nyingi mgeni akaruhusiwa kumiliki yote. Lakini ipo orodha ya kazi walizoachiwa wenyeji peke yao, na orodha hiyo imekuwa ikiongezwa. Anayekwenda aisome kabla ya kulipa kodi ya pango, wala asitegemee orodha ya mwaka jana.

Kwa sababu ya ugumu huo wa zamani, watu wengi wa Ghuba walizoea njia ya mkato: leseni inaandikwa kwa jina la mwenyeji, mgeni ndiye anayeendesha duka, na kila mwezi mwenyeji anapewa kiasi fulani. Waarabu huiita biashara ya kujificha, na ni kosa kisheria.

Tulimjua fundi mmoja, Mswahili wa pwani, aliyeishi hivyo katika mji mmoja wa Ghuba kwa miaka 11. Duka la kutengeneza simu na kompyuta lilikuwa lake kwa jasho, na kwa karatasi lilikuwa la mzee mmoja mwema. Mwema kweli, mwezi ambao biashara ilikuwa mbaya hakudai chochote. Mzee akafariki. Warithi wakaitwa, mali ikahesabiwa, na duka likaingia katika mirathi kama nyumba na gari. Miongoni mwa warithi walikuwemo watoto wawili wadogo.

Fundi akaenda kwa mtoto mkubwa wa marehemu, akaeleza. Yule kijana hakuwa mtu mbaya, ila alimuuliza swali ambalo wanafunzi wa faraidh mtalielewa upesi: “Fungu langu naweza kukuachia. La hawa mayatima nitakuachia kwa idhini ya nani?” Mali ya yatima haitolewi zawadi na msimamizi. Shahidi hakuwepo, karatasi haikuwepo, na mahakamani hakuweza kwenda kwa sababu mapatano yenyewe yalikuwa kinyume cha sheria. Warithi watu wazima walimpa kilichowezekana katika mafungu yao, na walimwachia vyombo vyake vya kazi. Tulimpokea Muscat akipita njiani kurudi kwao. Alikuwa na sanduku la bisibisi na chuma cha kulehemu, na alikuwa na umri wa miaka 47.

Mwaka uleule mtu alitujia na pendekezo kama hilo, kwamba tuongeze tawi kwa jina lake, rahisi, bila usumbufu. Mmoja wetu alishakubali moyoni. Tunakiri hivyo. Lililotuzuia si ucha Mungu peke yake. Ni lile sanduku la bisibisi.

Ruhusa ni jambo la kwanza, si la mwisho, na halihusu Ghuba tu. Yupo Mtanzania mwenzetu, Benjamin Fernandes, aliyeanzisha kampuni ya NALA mwaka 2017. Ilianza kama programu ya simu ya kurahisisha matumizi ya fedha za mtandao hapa nyumbani. Mwaka 2019 iliingia katika mafunzo ya Y Combinator kule California, na mwaka 2021 ikageukia kazi ya kuwawezesha Waafrika walioko Uingereza kutuma fedha Afrika Mashariki. Sasa fikirini: Uingereza huwezi kuigusa shilingi ya mtu kwa ajili ya kuituma bila idhini ya mamlaka ya huko inayosimamia huduma za fedha. Programu nzuri pekee haitoshi. Kijana anaweza kuwa na simu mkononi na wazo kichwani, na bado akasubiri karatasi.

NG'OMBE WA SHANGAZI

Sehemu hii tunaomba muisome polepole.

Mtaji wetu ulitoka sehemu tatu: akiba yetu, fungu la mbia wetu, na fedha za shangazi yetu wa Bahi. Shangazi aliuza ng'ombe wanne mnadani. Sisi, kwa mapenzi na kwa kujionyesha, tulimwahidi shilingi 50,000 kila mwezi, mvua inyeshe isinyeshe, na mtaji wake atarudishiwa kamili siku yoyote akiutaka. Tuliona tumemtendea wema mkubwa.

Kabla ya kuondoka tulikwenda kumuaga ustadhi wetu, tukamsimulia. Akauliza: “Na mwezi mtakaopata hasara?”

Tukasema, “Tutamlipa tu, ustadhi.”

“Na mtaji ukipotea wote?”

“Tutaurudisha tu.”

Akasema: “Basi hiyo si biashara. Huo ni mkopo, na hiyo 50,000 ni nyongeza juu ya mkopo. Jina lake mnalijua.”

Tuliona aibu, maana mlango wa riba tuliusoma kwake yeye mwenyewe miaka kumi nyuma. Alitukalisha akatufundisha tena mlango wa mudharaba, ambao katika vitabu vya madhehebu yetu ya Shafi unaitwa qiradh. Mmoja anatoa mali, mwingine anatoa kazi. Faida inagawanywa kwa sehemu inayojulikana, nusu au theluthi au vyovyote walivyopatana, wala si kiasi cha fedha kilichotajwa. Hasara ya mali inambeba mwenye mali, na mfanyakazi anapoteza jasho lake, isipokuwa akifanya hiana au uzembe, hapo analipa. Faida haigawanywi mpaka mtaji utimie kwanza. Akatuambia pia kwamba fedha za qiradh ni za kununua na kuuza. Kwa hiyo za shangazi zinunue mashine za risiti, kebo na vifaa vya kuuza, zisilipe mishahara yetu wala pango.

Ilibidi turudi Bahi. Jamani, si kazi nyepesi kumwambia mama mtu mzima kwamba ile ahadi tamu imefutwa, na badala yake tunamletea karatasi inayosema ng'ombe wake wanaweza kufa Muscat. Alinyamaza siku mbili. Siku ya tatu alisema tuchukue thamani ya ng'ombe wawili. Wawili waliobaki atanunua mitamba. Tunaamini ule ndio ulikuwa uamuzi wa kibiashara wenye akili kuliko wote katika historia ya kampuni yetu, na uliamuliwa na mtu asiyejua kuwasha kompyuta.

Tukaandika: mtaji rial 270, wakati huo rial moja ikiwa karibu shilingi 6,000, hesabu zote zitakuwa kwa rial, faida asilimia 60 yake na 40 yetu, mashahidi imamu wa msikiti wa pale na mjomba.

Mwaka wa kwanza fungu lake lilipata hasara ya rial 50. Mtaji ukabaki 220. Hatukumtumia fedha, tulimtumia karatasi ya hesabu na mjukuu wake akamsomea. Mwaka wa pili ikapatikana 40, mtaji ukafika 260, bado haujatimia, kwa hiyo hakupata kitu na sisi hatukupata kitu kutoka humo. Mwaka wa tatu ikapatikana 70. Kumi zikaziba pengo, zikabaki 60 za kugawana: shangazi 36, sisi 24. Hebu pigeni hesabu: kama tungeshika ile ahadi ya 50,000 kwa mwezi, katika miaka mitatu tungemtumia shilingi 1,800,000, zaidi ya mtaji wenyewe, na kila shilingi ingekuwa ya kukopa. Tusingefika mwaka wa pili.

KAZI IMEKWISHA LINI?

Ile hasara ya mwaka wa kwanza ilitokana na kazi ya pili tuliyoichukua kwa kupeana mikono. Mteja alikuwa na maduka matatu. Tuliafikiana alipe “kazi ikikamilika”. Tulifunga mashine, tukavuta kebo, tukawafundisha wauzaji. Sisi tukasema imekamilika. Yeye akasema bado, mtandao wa duka la tatu unakatika. Tukatengeneza. Akasema sasa anataka ripoti kwa Kiarabu. Tukatengeneza. Siku 30 zikawa 120, na mwisho alilipa pungufu. Wala hatuwezi kuapa kwamba alitudhulumu. Neno “ikikamilika” lilikuwa na maana moja kichwani mwake na nyingine vichwani mwetu.

Kuanzia hapo tuliandika hivi: nusu ya malipo vifaa vikifika dukani, nusu iliyobaki mashine ikitoa risiti tatu mbele ya mwenye duka, naye akasaini nyuma ya mojawapo. Kitu cha baadaye ni kazi mpya na bei mpya. Kuna waliotushauri tuweke faini kwa anayechelewa kulipa, asilimia kadhaa kwa kila mwezi. Hilo hatukulifanya, kwa sababu ni kuongeza deni kwa sababu ya muda. Malipo kwa hatua yalitutosha. Mteja akichelewesha hatua ya kwanza, hatuendi hatua ya pili, na hakuna ugomvi.

SAA, BAISA NA HERUFI

Mambo madogo haya hayamo katika vitabu, nasi tutayataja haraka.

Muscat iko mbele ya Dodoma kwa saa moja. Hilo ni jepesi. Gumu ni kwamba sisi tunahesabu saa kuanzia alfajiri na wenzetu wanahesabu kuanzia usiku wa manane. Tulimwandikia mteja kwa Kiswahili, “tutafika saa tatu.” Kiswahili alikipata kwa bibi yake, na hesabu ya saa hakuipata kwake. Akamwambia msimamizi wake waje saa tatu ya kwao, yaani saa tisa alasiri. Tulikaa nje ya mlango uliofungwa asubuhi nzima tukiwa na ngazi. Baada ya hapo tuliandika kwa tarakimu: 09:00, saa za Oman. Na mchana maduka mengi hufungwa kwa sababu ya joto, hufunguliwa alasiri mpaka usiku, hivyo kazi ya kufunga kebo huwa nzuri mida ambayo Dodoma tungekuwa tunatandika mkeka wa kulalia.

Mapumziko ya wiki kule ni Ijumaa na Jumamosi tangu Mei 2013. Kabla yake yalikuwa Alhamisi na Ijumaa. Ofisi za kwetu hufungwa Jumamosi na Jumapili. Ukihitaji karatasi ya Dodoma na muhuri wa Muscat, siku ambazo pande zote ziko kazini ni nne tu, Jumatatu mpaka Alhamisi. Nchi jirani ya Falme za Kiarabu nayo ilibadili mwaka 2022, ikapumzika Jumamosi na Jumapili pamoja na nusu ya Ijumaa. Kwa hiyo usidhani Ghuba yote ni moja.

Rial moja ina baisa 1,000, na jina hilo ni ndugu wa neno letu “pesa”. Matokeo yake bei huandikwa na tarakimu tatu baada ya nukta. Tulikuwa na kijana Dodoma aliyetuandikia vitabu vya hesabu kwa intaneti. Akaona ankara ya 385.500, akaingiza 385,500. Mwisho wa mwaka akatuletea hesabu ya zakati ya zaidi ya rial 9,000. Zakati ilizidi mali yote tuliyokuwa nayo! Tulicheka, kisha tukakaa usiku mzima kupitia ankara moja moja, kwani tungepeleka hesabu ile kwa watu wa kodi kicheko kingeisha.

Juu ya kodi: Oman ilianza kutoza kodi ya ongezeko la thamani, VAT, tarehe 16 Aprili 2021, kwa asilimia 5. Biashara ambayo mauzo yake ya mwaka hayafiki rial 38,500 hailazimiki kujisajili. Asiyesajiliwa haruhusiwi kuiandika katika ankara yake. Kuwatoza watu kodi usiyoipeleka ni kula mali yao.

Na majina. Alfabeti ya Kiarabu haina p, wala ch, wala v, na g ya kwetu kila karani huiandika apendavyo. Babu zetu wa pwani walipoandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu waliongeza nukta ili kuziba pengo hilo. Makarani wa leo hawaongezi nukta. Mtu wa Ugogo mwenye jina kama Mazengo anaweza kuwa na jim kwenye visa, ghain kwenye leseni, na kaf benki, na benki ikamrudishia fedha zake kwa kuwa haimjui. Chagua maandishi mamoja siku ya kwanza, yaandike kwenye kadi, umwonyeshe kila karani.

HONGO YA UGOGO

Karne ya 19 misafara kutoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilipita hapa kwetu. Ikishavuka nyika kavu ya Marenga Mkali ilifika Ugogo yenye kiu, na watemi wa Kigogo waliitoza hongo, yaani vitambaa na shanga, kwa ajili ya maji na njia. Wasafiri walilalamika sana katika maandishi yao. Lakini ilikuwa ada iliyojulikana, ilitolewa mchana, na mtoaji alipata maji. Leo neno lilelile ni jina la rushwa. Tumeona ni mzani mzuri: ada ya haki ina mahali inapotangazwa na ina stakabadhi.

Kulikuwa na dalali wa makaratasi aliyetuambia kibali chetu kimekwama na kitakwamuka kwa rial 40. Tukasema sawa, atuandikie risiti. Hatukumwona tena, na kibali kilitoka kwa zamu yake wiki tatu baadaye. Wiki tatu hizo tulikula dengu.

Wazee wenu wanaikumbuka Celtel, iliyoanza huduma Tanzania mwaka 2001, ikawa Zain mwaka 2008 na Airtel mwaka 2010. Mwanzilishi wake, Mo Ibrahim, ni Msudani aliyeacha kazi Uingereza mwaka 1989 akaanzisha kampuni ndogo ya ushauri wa simu nyumbani kwake. Amewahi kueleza kwamba Celtel ilipoingia nchi nyingi za Afrika iliweka kanuni: malipo yoyote yanayozidi dola 30,000 hayatoki bila bodi kuidhinisha. Kwa hiyo meneja akibanwa kutoa fedha za chini ya meza anasema kweli kwamba hana uwezo huo. Sisi tuliiga kwa kipimo chetu. Malipo yote yanayozidi rial 20 yalihitaji saini za wabia wawili. Mtu akitubana tulimwambia, “Mwenzangu hajasaini.”

AMANA ILIYO NDANI YA KOMPYUTA

Fundi kompyuta huona mambo ambayo hata jirani wa ukuta mmoja hayaoni: picha za familia, barua za benki, vyeti vya hospitali. Mteja mmoja alituletea kompyuta ya nyumbani kwake imekufa. Ilikuwa na picha za harusi ya binti yake, wanawake wamevaa kama wanavyovaa wanapokuwa peke yao. Tulipoitengeneza tuliweka sharti: diski inachomolewa mbele ya mwenyewe, anakaa nayo, tunajaribu mashine kwa diski yetu. Ikiwa tatizo liko kwenye diski yenyewe, mwenyewe au mtu wake anakaa kitini mpaka tumalize. Neno la siri haliandikwi kwenye karatasi ya kubandika. Hilo lilitupatia wateja, wengi wao akina mama, kuliko tangazo lolote.

Sheria nazo zimefika huko. Oman ilitoa sheria ya kulinda taarifa binafsi mwaka 2022, na Tanzania ilipitisha ya kwake mwaka huohuo, ikaanza kutumika tarehe 1 Mei 2023.

Kuhusu programu za kunakili, tunajua mazoea ya hapa mjini: fundi ana diski moja, anaiingiza katika kompyuta za mtaa mzima, na anatoza. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha Kuwait Desemba 1988, liliamua kwamba haki za utunzi na uvumbuzi ni mali inayoheshimiwa na haijuzu kuivamia. Huko nyuma tulikuwa na hoja zetu nyingi za kujitetea; za umaskini, za ukubwa wa makampuni ya Marekani. Tulipoanza kuuza programu yetu wenyewe ya hesabu, na tukaikuta imenakiliwa katika duka tusilolijua, hoja zote zikatuisha kwa mchana mmoja. Asiye na fedha za leseni atumie LibreOffice na Linux, ambazo wenyewe wamezitoa bure kwa ridhaa yao.

ZOEZI

Yafanyeni kwa vikundi vya watu watatu watatu, kisha mpeleke majibu kwa ustadhi wa fiqhi kabla ya likizo.

1. Kampuni ya Muscat iliyosajiliwa kwa VAT inauza mashine ya risiti kwa rial 240.500. Andika ankara kamili yenye kodi ya asilimia 5. (Ukipata jumla isiyokuwa 252.525, rudia.) Je, ankara ingekuwaje kama kampuni haikusajiliwa?

2. Mtaji wa qiradh ni rial 400. Mwaka wa kwanza hasara 90, mwaka wa pili faida 60, mwaka wa tatu faida 80. Mwenye mali ana theluthi mbili ya faida. Kila mmoja anapata nini, na mwaka gani?

3. Andikeni kwa Kiswahili, kisha kwa Kiarabu, sentensi moja inayoeleza kazi ya kufunga mtandao wa duka itahesabiwa imekamilika lini, kiasi kwamba watu wawili wanaochukiana wataielewa sawasawa.

4. Yule fundi mwenye sanduku la bisibisi: tuseme yuko hai yule mzee, na fundi amekuja kwenu leo kuomba ushauri. Mtamwambia aende ofisi gani kwanza, amwambie nini mzee, na karatasi iandikwe maneno gani?